Mkono Usio na Ndugu

Nilistaafu Ijumaa, na Jumatatu simu ikalia kabla sijamaliza chai. Ni ninyi, vijana wa meza ya Kiswahili hapo ofisi ya kamusi, mkiuliza kadi za herufi H niliziweka wapi. Ziko pale pale. Ila mliongeza ombi jingine: niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi, tena niandike kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza mnakisoma kutwa mpaka macho yanawauma. Nimekubali. Vyeo sitavisema, maana vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na kazi ya ziada. Mshahara nao tuuache upumzike. Nitawaeleza habari ya neno moja tu, kwa sababu mtu akiniuliza nilifanya nini Sydney miaka yote hii, jibu langu fupi ni kwamba nilipigana na neno moja na sikulishinda.

Nilikuja huku kumfuata mume wangu, Baba Sifa, aliyekuwa amepata kazi ya kuchomelea vyuma kwenye karakana moja ya Villawood. Mimi nilikuwa mwalimu wa lugha kutoka Korogwe, nimesoma isimu chuo kikuu, na nilidhani nitashuka kwenye ndege nikute darasa linanisubiri. Nilikuta ghala la nguo Ingleburn. Nikakunja mashati huko mpaka nikawa siwezi kumwona mwanamume amevaa shati bila kutaka kulikunja. Ndipo nikaona tangazo la ofisi ya kamusi ya Kiingereza, wanatafuta mtu mwenye subira anayejua zaidi ya lugha tatu. Lugha nilikuwa nazo: Kisambaa cha bibi yangu, Kiswahili, Kiingereza cha shule, na Kijerumani nilichofundishwa na masista wa misheni. Subira sikuwa nayo, lakini kwenye usaili hawakuchimba sana.

Aliyenipokea alikuwa Inga. Mnaona picha yake kwenye korido, yule mwanamke mrefu aliyebana nywele nyeupe kwa penseli. Alikuwa Mdenmaki, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa kitengo cha asili ya maneno. Watu wa hapa huitana majina hata na bosi wao, nami nikajaribu, lakini ulimi ulikataa kumwita mtu wa umri wa mama yangu Inga, kavu kavu hivyo. Nikamwita Mwalimu. Akauliza maana yake, nikamweleza, akasema anaweza kuishi nalo.

Siku hiyo ya kwanza aliniketisha mbele ya kadi yenye neno handuz, na mbele ya neno palikuwa na kinyota kidogo. Nikamwuliza kinyota ni cha nini. Akasema kinamaanisha kwamba hakuna aliye hai aliyewahi kulisikia neno hilo, wala hakuna aliyelikuta limeandikwa popote. Wataalamu wamelijenga upya. Nikawaza moyoni, basi nimeajiriwa na watu wanaojenga maneno wenyewe halafu wanaanza kutafuta yametoka wapi. Nikaona kazi hii haitaisha upesi.

Jioni nilimweleza Baba Sifa kwa lugha ya jikoni. Chukua madada walioolewa miji tofauti, nikamwambia, uende ule pilau kwa kila mmoja. Ukikuta wote wanakaanga vitunguu mpaka viwe vyeusi, na hawajaonana miaka mingi, basi mama yao alikaanga hivyo, hata kama amekwisha kufa na hukuwahi kuonja chungu chake. Ukikuta mmoja tu anatia zabibu, hizo kazipata kwa wakwe. Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kidenmaki, na Kigothi kilichokufa zamani, hao ni madada. Mama yao ndiye tunayemwita lugha mame ya Kijermaniki. Wote wanasema hand au kitu cha jirani sana, kwa ile sehemu ya mkono inayoanzia kwenye kifundo mpaka ncha za vidole. Kwa hiyo mama naye alikuwa nalo neno hilo, na kwa hesabu zetu alisema handuz. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza ukiuliza mama mwenyewe alilitoa wapi. Baba Sifa alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama leo kuna pilau.

Vifaa vyetu vilikuwa lenzi ya mkononi, penseli, kifutio na kadi. Kompyuta zilikuja baadaye. Kalamu ya wino Inga aliikataza mpaka neno liwe limejadiliwa na kila mwenye mdomo. Kadi ilikuwa na pande mbili: mbele unaandika ushahidi, nyuma unaandika mawazo yako. Ole wako uweke wazo upande wa mbele. Ndiyo sababu hata leo kwenye kompyuta mnaona visanduku viwili, na ndiyo sababu nilikuwa nawagombeza mnapoandika "inasemekana" kwenye kisanduku cha kwanza. Nani kasema? Lini? Katika kitabu gani? Kama humjui aliyesema, ni wewe umesema.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa mfupa. Latini ina neno lake la mfupa, Kigiriki kina lake, na hayo mawili yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Wajermaniki wanakuja na bone yao ambayo haifanani na ya mtu. Nilimaliza majira yote ya baridi nikiitafutia ukoo. Mwisho nikajenga hadithi nzuri sana, kwamba ilitoka kwenye kitenzi cha kupiga, kwa kuwa mfupa mrefu ndio rungu la kwanza la binadamu. Nilipeleka kadi kwa Inga nikiwa nimenyoosha shingo. Aliisoma mara mbili, akatabasamu, akasema ni nzuri, sasa ihamishie upande wa nyuma. Nilinuna siku kadhaa. Kisha nikaifuta nikaiandika nyuma, na ukweli ni kwamba nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyerudisha kitu cha watu.

Hapo ndipo nilipoipenda kazi. Niliwapa watoto wangu chakula, nikaenda kanisani Jumapili, nikapanda treni asubuhi na kurudi jioni, lakini kichwani nilikuwa na maneno ya mwili. Inga alinipa yote, kuanzia utosi mpaka kisigino. Neno la mguu nililimaliza upesi, maana lina ndugu kila mahali, kwa Walatini, kwa Wagiriki, mpaka India. Neno la kidole inaelekea limetoka kwenye tano. Neno la mkono wa juu, ule wa kuanzia begani, lina binamu wa Kilatini aliyehamia kwenye bega lenyewe. Lakini hand haina mtu. Ukitoka nje ya nyumba ya wale madada, hakuna jirani anayeitambua.

Na hiyo ndiyo ilikuwa kadi pekee katika ofisi nzima yenye wazo upande wa mbele. Ilikuwa imeandikwa kwa wino, kwa mwandiko wa Inga.

Wazo lenyewe hakulibuni yeye. Wazee wa zamani walilisema kabla babu yake hajazaliwa. Katika Kigothi kuna kitenzi cha kuteka watu vitani, na katika Kiswidi cha kale kipo kitenzi kinachoonekana kuwa ndugu yake, chenye maana ya kufikia au kupata. Sauti zake zinakaribia za handuz. Basi, wakasema, mkono ni mkamataji. Wengi walilitaja wazo hilo wakaliacha na mashaka yake. Inga alilichukua akalilea. Mama yake alikuwa mshonaji wa glavu huko kwao, na yeye alikulia kwenye chumba kilichojaa mikono ya mbao ya kupimia ngozi. Aliniambia kwamba tangu utotoni alikuwa akiiangalia ile mikono ya mbao, iliyonyooka, isiyoshika kitu, na kujiuliza inakosa nini. Alipokisoma kile kitenzi chuoni alihisi amejibiwa. Aliandika juu yake, akafundisha, akagombana na watu wa nchi tatu, na rafiki mmoja wa miaka mingi akaacha kumwandikia kwa sababu hiyo.

Nami nilimwamini, mpaka ilipofika zamu yangu ya kuikagua kadi hiyo. Niliikagua kama alivyonifundisha, na haikusimama. Kile kitenzi cha Kigothi kinazungumzia mateka, hakizungumzii kushika kikombe. Jina handuz nalo halikuundwa kwa namna wale watu walivyozoea kuunda majina ya mtendaji. Na kule nje, kwa majirani, kimya. Sikusema ni uongo. Nilisema haijathibitishwa, na katika kazi yetu hizo ni nchi mbili zenye mpaka na askari. Kuna waliosema neno limetoka kwenye kuhesabu kumi, kuna waliosema limeazimwa kwa watu waliokuwepo kabla, ambao lugha yao imepotea yote. Hayo nayo hayajathibitishwa. Niliandika shaka zangu kwa penseli upande wa nyuma, nikairudisha kadi kisandukuni. Inga alikuwa bado mezani kwake, na mimi si mtu wa kumvua mkubwa nguo ofisini kwake.

Miaka ikaenda hivyo. Alistaafu, mimi nikaachiwa herufi zake, H ikiwemo. Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, macho yakapungua, na kwa kuwa hakuwa na mtoto alihamia nyumba ya wazee upande wa Blacktown. Kichwa kilibaki kizima kabisa, jambo ambalo wauguzi walilijua mapema na kwa uchungu.

Wakati huohuo kamusi ikafika mwisho. Mkuu wetu wa siku zile, Colin, mtu mwema aliyekuwa na hofu ya kudumu ya wenye fedha, aliniita akasema ukurasa wa hand ndio utakaowekwa kwenye matangazo ya kitabu. Alitaka uandikwe wazi kwamba hand maana yake mkamataji. Msomaji hanunui kitabu kizito namna ile, akasema, ili aambiwe hatujui. Wenzangu nao wakanijia mmoja mmoja. Andika tu, wakasema. Bibi wa watu hana siku nyingi, amemwaga maisha yake pale, na neno lenyewe watu wake walikufa zamani, litamdhuru nani? Ni mstari mmoja.

Nilijua hasa kilichokuwa kwenye mizani. Nikiandika mkamataji, yule mama atakufa akijua kazi yake imeingia kitabuni kama ukweli. Nikiandika asili haijulikani, nitakuwa nimemnyang'anya mbele ya watu kitu alichokibeba maisha yake yote, na atakayekuwa amemnyang'anya ni mwanafunzi wake. Nilimpenda Inga. Nasema hivyo bila kuzungusha. Lakini sisi wa Kiswahili tumeandikiwa na wengine vya kutosha. Nimekua nikisoma vitabu vilivyosema kila neno zuri la Kiswahili limetoka Uarabuni, na vikasema hivyo bila hata kukohoa. Niliviamini mpaka nikawa mtu mzima. Siwezi kumfanyia mtoto wa mtu mwingine jambo hilo, hata kama mtoto huyo ni wa Kidenmaki. Nikaamua: haijulikani.

Sasa, nimwambieje? Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ofisi nzima ililicheka, na mlisimuliwa vibaya, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe. Kwetu humkatalii mzazi wako jambo kubwa uso kwa uso. Unamtuma mtu. Ukikataa mchumba aliyekuchagulia baba, anakwenda shangazi. Ukimkatalia mwalimu wako, unatafuta mtu mzima mwenye ulimi laini akatangulie, ili mkubwa apate nafasi ya kukasirika bila wewe kuwepo, na mtakapokutana awe amekwisha kupoa. Binti yangu Sifa nilipomwambia akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nimpelekee barua pepe tu. Nikamwacha.

Mshenga wangu alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, tuliyesali naye kanisa moja, na ambaye kwa bahati alifanya kazi kwenye ile ile nyumba ya wazee. Ndiye aliyemwogesha Inga asubuhi. Nilimweleza kwenye maegesho ya kanisa baada ya ibada. Aliuliza kwanza kama ni habari ya shamba au mahari. Nikasema ni habari ya neno. Akafikiri, akasema amekwisha kupeleka mambo mazito kuliko hilo, na mengine mbele ya wanajeshi.

Siku mbili baadaye alinipigia simu.

"Mama Sifa, nilifanya vile uliniambia," akasema. "Nilimaliza kumuosha, nikafunga kitenge juu ya yunifomu, nikakaa. Nikamwambia, Bibi, niko na neno ya mtoto wako. Akaniuliza, nani alikufa? Nikasema hapana, hakuna mtu alikufa. Akaniuliza, kuna mwanaume anataka kunioa? Bon, nikaona sasa itaharibika, nikamwambia yote."

Nikamwuliza alijibuje.

"Akasema nikuambie hivi: watu wakubwa kukupita walimpinga, na wote walikuja na miguu yao. Na chai hakunipa."

Sikujuta, na sijuti. Kama nisingemtuma Mama Furaha, nisingepata ujumbe ule, na ujumbe ule ulikuwa mwaliko. Jumamosi nilipanda treni.

Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha linaloangalia magari. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mto mdogo. Hakunisalimu. Alisema niketi niseme, na nisiseme kwa adabu, kwa sababu adabu imekwisha kumfikia ikiwa imevaa kitenge.

Nikasema. Nilisema habari ya mateka, nikasema habari ya namna jina lilivyoundwa, nikasema habari ya majirani waliokaa kimya. Alinijibu kila hoja, na wenzangu, alijibu vizuri kuliko alivyowahi kuandika. Aliniletea mifano niliyokuwa nimeisahau. Mara mbili nilidhani amenishinda. Lakini kila tulipofika mwisho wa hoja tulikuta pale pale pamebaki pengo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona, kwa sababu alikuwa akinyamaza kabla yangu.

Baadaye akaacha kubishana. Sauti ikashuka.

"Sitakiona hicho kitabu," akasema. "Macho hayatanifikisha huko, na pengine hata mimi mwenyewe sitafika. Sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba mstari mmoja."

Niliangalia magari nje, nikaona mwanamume anapakia kiti cha magurudumu kwenye buti na kinakataa kuingia, nikatamani niende nikamsaidie. Kama kuna siku nilitaka kusema uongo maishani mwangu ilikuwa siku ile, na ungekuwa uongo mdogo, wa upendo, ambao dunia nzima ingenisamehe.

"Siwezi, Mwalimu," nikasema.

Kwa mkono wa kushoto akauinua ule wa kulia, akaushika juu kidogo, akauachia. Ukaanguka kwenye mto.

"Haukamati tena chochote," akasema. "Siwezi kushika hata kijiko. Na bado daktari, wauguzi, na yule rafiki yako, wote wanauita mkono. Basi nimekosea. Kaandike nimekosea."

Hapo ningeweza kushukuru nikaondoka. Alikuwa amenipa nilichokuja kukitafuta, na Colin asingeweza kuubishia ushuhuda wa mwenye nadharia yake. Lakini nilikuwa nimekaa chini ya mwanamke yule miaka mingi mno.

"Hiyo nayo si ushahidi," nikamwambia. "Neno linaweza kuzaliwa kwa kukamata na baadaye likasahau limezaliwa wapi. Ugonjwa wako hauthibitishi kitu. Siandiki umekosea. Naandika hatujui."

Alinigeuzia uso. Macho yake hayakuwa yakiniona sawasawa, lakini alinitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa, na Mama Furaha akaingia na glasi ya maji, akatuangalia wote wawili, akasema kwa Kiswahili kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuogeshwa. Alimpa maji, akamfuta kidevu. Safari hii Inga alimwambia akae, na akaomba chai ya watu watatu.

Tukaandika pamoja. Nilikuwa na karatasi na penseli, yeye akasikiliza. Nilisoma: neno lapatikana katika lugha zote dada, nje ya hapo halina ndugu anayejulikana, asili yake haijulikani. Akakubali kwa kichwa. Nikaendelea: wengine wamelihusisha na kitenzi cha kuteka au kufikia, lakini ushahidi hautoshi.

Akaninyanyulia kidole cha mkono wa kushoto.

"Hao wengine ni kina nani?"

Nikamweleza ukweli. Nilitaka kuwataja wazee wa zamani kwa ujumla, naye awe ndani ya kundi, ili asisimame peke yake mbele ya yale maneno mawili, ushahidi hautoshi. Nilidhani ni heshima.

"Usinifiche kundini," akasema. "Mimi ndiye niliyelipigania. Andika jina langu. Atakayekuja kutusahihisha ajue wa kuanza naye."

Nikaliandika, la kwanza na la ukoo, nikamsomea. Mama Furaha, ambaye hakuwa ameambiwa maana ya karatasi ile, akauliza kama sasa mambo yamekwisha kati yetu. Inga akamjibu kwamba hayajaisha, ila yameandikwa vizuri.

Alifariki kabla kitabu hakijatoka. Colin alitangaza kwa kutumia ukurasa mwingine, wa moyo, ambao una ndugu wengi na hauna matatizo. Tulipofika kwenye masahihisho ya mwisho alinifuata mezani, kwa sauti ya msibani, akasema haipendezi kumwacha marehemu akiwa amesimama kando ya nadharia iliyoshindwa. Jina litolewe, turudishe "wengine", ndiyo adabu. Nikamwambia nadharia haijashindwa, haijathibitishwa, na mpaka wake una askari. Akasema tena. Nikasema jina likitoka, na la kwangu litoke kwenye orodha ya wahariri, na nitaeleza sababu kwa yeyote atakayeuliza, kwa sauti, hata kwenye lifti. Hakuna kilichotoka.

Mimi nimestaafu na sijui neno hand lilitoka wapi. Wala ninyi hamjui, wala yule mtaalamu mnayemfuata kwenye mtandao hajui, hata kama anaongea haraka. Lakini fungueni ukurasa ule. Jina la Inga lipo pale, zima, mbele ya maneno ushahidi hautoshi, na hakuna aliyelificha. Mwenye ushahidi aulete. Aanze naye.